D ya Fizikia

Agosti 2020 nilikuwa na wiki ya sita kwenye kiti cha mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na ratiba ya shule. Sikukiomba. Aliyekuwepo alihamia Dodoma kumfuata mume wake, Mkuu wa shule akazungusha macho chumba cha walimu, yakatua kwangu, na kesho yake barua ikawa mezani. Nilirithi kabati lenye mlango mmoja, mafaili ya upimaji wa Kidato cha Pili, na ratiba ya ukutani iliyobandikwa tangu kabla shule hazijafungwa kwa corona.

Ijumaa moja mchana, wanafunzi wakiwa kwenye usafi, akaingia binti aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 2019. Akaniamkia, nikaitika, akaninyooshea bahasha ya kaki iliyolowa jasho pembeni. Ndani mlikuwa na nakala ya matokeo yake: Kiswahili B, Baiolojia C, Jiografia C, Uraia D, Historia D, Kiingereza D, Hisabati F. Divisheni ya tatu, pointi 25. Kwa shule yetu ya kata huyo ni mtu aliyefaulu. Jina lake tulilisoma mstarini wadogo zake wakipiga makofi.

Alitaka kusoma utabibu. Kozi hiyo ngazi ya stashahada inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D ni ufaulu. Yeye Kemia na Fizikia hakuwa nazo kabisa, wala si kwamba alifeli. Hakuzifanya.

"Madam, Kidato cha Pili nilipata D ya Fizikia na D ya Kemia. Nikaambiwa nishuke arts." Yaani mchepuo wa sanaa, usio na Fizikia wala Kemia.

Hakuja kulalamika. Alikuwa anauliza kama kuna karatasi ninayoweza kumwandikia akaipeleke chuoni. Hakuna karatasi ya namna hiyo. Nilimsindikiza hadi getini, nikarudi kwenye kabati na kuvuta faili la mwaka wake. Jina lake lilikuwepo, na mbele yake kwa kalamu nyekundu: ARTS. Chini yake majina mengine yenye neno hilohilo. Mwandiko niliujua. Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la Pili B, na mimi ndiye niliyeshika kalamu wakati mkuu wa idara ya Sayansi akisoma orodha.

Nieleze ilivyokuwa, maana mtaala mpya unabadilisha mambo na baada ya miaka michache watu watasahau. Masomo ya lazima yalikuwa saba: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Uraia, Historia, Jiografia na Baiolojia. Fizikia na Kemia kila mtoto alisoma Kidato cha Kwanza na cha Pili, halafu akifika cha Tatu anachagua mchepuo. Neno ni "anachagua". Kwetu ilichagua idara. Mwenye C zote mbili anabaki sayansi, wengine wanashuka. Shule zenye walimu wa biashara ziliwapa hao Utunzaji wa Hesabu na Biashara kama masomo ya kujazia. Sisi idara ya Biashara ilikuwa jina tu kwenye ubao wa ofisi, haikuwa na mwalimu hata mmoja. Kwa hiyo mtoto wa arts kwetu alikwenda kwenye mtihani wa taifa na masomo saba makavu, labda na la dini la nane.

Sababu ya kuchuja haikuwa ubaya wa moyo. Kila somo lina wastani wake kwenye matokeo ya shule, na wilayani wastani huo unapangwa kwenye jedwali. Mkuu wa idara mwenye watahiniwa ishirini waliofaulu anakaa kikao cha tathmini ameegemea kiti. Mwenye watahiniwa sitini, theluthi wana F, anasimama kujieleza. Wewe ungefanyaje?

Usiku wa Ijumaa ile ya bahasha nilikaa na kikokotoo cha simu. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba bora. A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Nikachukua mtoto wa mfano, wa kawaida kabisa kwetu: Kiswahili C, Uraia C, Historia D, Jiografia D, Baiolojia D, Kiingereza D, Hisabati F. Jumla 27, divisheni ya nne. Huyohuyo akiwa na Kemia ya C mkononi, ile F ya Hisabati inatupwa nje ya saba bora, jumla inakuwa 25, divisheni ya tatu. Na akipata F kwenye Kemia na Fizikia zote? Anabaki na 27 zake zilezile. Hakuna alichopoteza kwenye cheti. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Somo la ziada halimshushi mtoto divisheni. Linaishusha idara.

Nililipeleka hilo kwenye kikao cha wakuu wa idara mwezi Oktoba. Mkuu wa idara ya Sayansi ni mtu mzima, kafundisha Kemia tangu mimi nikiwa msingi, na ninamheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu, hesabu yako ni sawa. Sasa niambie hao watoto watakaa wapi na nani atawafundisha."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia, kijana, mwaka wake wa tatu kazini. Wiki ina vipindi 40 vya dakika 40. Yeye alikuwa na mikondo mitatu ya Kidato cha Kwanza na mitatu ya cha Pili, vipindi vitatu kila mkondo, hiyo 18. Tatu sayansi vinne, Nne sayansi vinne, tumefika 26. Juu yake alibeba Hisabati ya Kidato cha Nne A, vipindi sita. 32, bila kuhesabu kusahihisha na kuandaa vitendo. Nikimwongezea mkondo mwingine wa Tatu ni 36, na mwaka unaofuata watoto wakipanda ni 40 kamili. Asingepata hata dakika ya kwenda chooni.

Nilianza na programu ya kupanga ratiba kwenye laptopu ya kuazima. Ikasaga, ikaniambia haiwezekani, umeme ukakatika. Nikahamia kwenye vipande vya manila. Sasa sisi tuko Singida, na mtu wa Singida hahitaji kuelezwa habari ya upepo. Asubuhi moja nilifungua mlango wa maabara nikakuta wiki nzima ya Kidato cha Tatu iko sakafuni.

Suluhisho lilitoka kwa mama wa kantini. Alikuwa na ndoo ya vizibo vya soda, wanawe wanachezea bao. Nikaomba. Nikachora jedwali kwa chaki juu ya meza ndefu ya maabara, siku tano kwa vipindi nane, mstari kwa kila mkondo. Kila kizibo nikakibandika kipande cha plasta na herufi za somo na mwalimu. Fanta ni idara ya Lugha, Coca-Cola Sayansi, Sprite Sayansi Jamii, na Hisabati ikapata vizibo vya tangawizi kwa kuwa vilikuwa vichache. Ukisimama upande wa dirisha unaona mara moja: Jumatano nyekundu zimejazana asubuhi, Ijumaa kijani tupu. Mwalimu wa Fizikia akija, anaweka kidole kwenye vizibo vyake vyote mchana mmoja na kusema, "Madam, hapa utanizika." Tunasogeza.

Jibu tulilipata wiki ya pili, na kwa kweli alilitoa yeye. Nadharia haihitaji kugawanywa. Watoto 29 au watoto 54, wote wananakili kilekile cha ubaoni. Kinachohitaji mikono michache ni vitendo. Kwa hiyo Tatu A na Tatu B wanaosoma Fizikia wakutane vipindi viwili kwa nadharia, darasa moja, halafu kila mkondo uwe na vipindi vyake viwili vilivyoungana maabara. Jumla sita badala ya nane. Ile Hisabati ya Nne A tukamwomba mwenzake wa Hisabati aichukue, naye akakubali kwa sharti la kuondolewa zamu ya wiki na ukocha wa netiboli. Mtu wa Fizikia akashuka kutoka 32 hadi 28. Alinitazama kama nimemdanganya, akavihesabu vizibo mwenyewe.

Bei yake ilikuwa kwamba ile saa ya nadharia lazima iwe moja kwa mikondo yote miwili, na wasiosoma Fizikia wakae na mtu. Nikawachukua mimi. Vipindi viwili vya marudio ya ramani, vikaingia kwenye vipindi vyangu 18. Kemia tukaifanyia hivyohivyo, ila kwa ugomvi mrefu zaidi ambao siuandiki hapa.

Januari 2021 tukatangaza sharti jipya: mwenye D au zaidi kwenye somo anaruhusiwa kulisoma, Fizikia na Kemia zikihesabiwa kila moja peke yake. Hilo la pili lilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani. Kuna watoto Kemia wanaiweza na Fizikia inawatoa machozi, na siku zote tuliwashusha kwa zote mbili kwa kuwa ratiba ilizifunga kamba moja. Wakati tahasusi ya CBG inataka Kemia, Baiolojia na Jiografia, Fizikia haimo kabisa. Nilikaa na kila darasa nikawaambia ukweli wote pamoja na ule mchungu, kwamba D haikupeleki PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, Kidato cha Tano wanataka C tatu. D inafungua milango mingine.

Kati ya watoto 78, Fizikia ikachukuliwa na 54. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja akasimama akasema bintiye hana kichwa cha Fizikia, tusimtese. Binti alikuwa amesimama dirishani nje na ndoo kichwani. Nikamwambia mzee, tumpe mwaka mmoja, akishindwa nitamtoa mwenyewe. Akakaa bila kuridhika.

Maabara zilipaswa kuwa tatu. Ni zile za agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012, kila sekondari ya kata iwe na maabara za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwetu moja ilimalizika, mbili ni maboma, mbuzi wanajua kuyatumia mvua ikinyesha. Katika hiyo moja kulikuwa na bloku za kioo nne. Watoto 27 kwa bloku nne, kila mtu apange pini zake, achore miale, apime pembe: mwalimu aliwagawa kwa zamu, kundi moja kwenye kioo, jingine kwenye pendulamu iliyotengenezwa kwa nati ya trekta na uzi wa kushonea magunia, jingine linachora grafu. Niliwahi kusimama mlangoni nikamwona yule wa ndoo anahesabu mizunguko ishirini kwa midomo, kimya, jicho kwenye saa ya simu ya mwalimu, na mwenzake alipomsemesha alimpiga kofi la mkono bila kugeuka.

Yule binti wa bahasha nilimtafuta kupitia shangazi yake anayeuza vitunguu mnadani. Alikubali kufanya mtihani wa Fizikia na Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jumamosi alikuja kufanya vitendo na Kidato cha Nne, akikaa nyuma na kitenge chake, watoto wakimwita dada. Mwaka 2021 akapata D ya Kemia na F ya Fizikia. 2022 akarudia Fizikia peke yake, sambamba na wale 54 wangu, ambao kwa uhamisho walikuwa wamebaki 52.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari 2023, mwaka uleule Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora. Wilayani jedwali liliendelea kama kawaida. Fizikia yetu: B tatu, C tisa, D ishirini na tatu, F kumi na saba. Mwaka wa nyuma tulikuwa na watahiniwa 24 na F nne tu. Wastani ukaporomoka, na kwenye tathmini tukasomwa kwa sauti. Mkuu wa shule akanigeukia, nikasimama. Nikasema mwaka jana waliofaulu walikuwa 20, mwaka huu ni 35, kutoka darasa moja na mwalimu mmoja. Ukumbi haukupiga makofi. Mtu wa mbele akauliza, "Na hizo F kumi na saba?" Nikajibu kuwa hakuna hata moja iliyomshusha mtoto divisheni, na kama anataka nimwonyeshe hesabu ninayo kwenye daftari. Hakutaka.

Sitasema zile F hazikuwa na gharama. Watoto kama wanne hivi sikupaswa kuwaruhusu. Walikuwa na D ya kuponea chupuchupu, na muda wa Fizikia ungewasaidia zaidi kwenye Kiingereza. Nilikuwa na hamu ya kuthibitisha jambo, nikafumba jicho. Mwaka uliofuata nikaongeza zoezi la wiki tatu za majaribio kabla ya kuandika jina la mtu kwenye orodha.

Binti wa bahasha alipata D. Alinitumia picha ya skrini usiku, bila maneno. Yule wa ndoo alipata C, na baba yake alikuja shuleni na jogoo, ila akampa mwalimu wa Fizikia, mimi akanipa mkono.

Mwezi wa Juni ikaja barua ya uhamisho wa mwalimu wa Fizikia, anahamia Mbeya kwa mama yake mgonjwa. Mkuu aliandika kuomba mbadala, akaambiwa asubiri ajira mpya. Nikaenda kantini kuchukua ile ndoo ya vizibo, nikafuta meza ya maabara kwa kitambaa kibichi, nikaanza kuchora mistari upya.