Nilivyohamishia Graph Node yangu kwenye Akash

Nilitaka kufuatilia miamala ya cKES, tokeni ya blokucheni ya Celo inayofuata thamani ya shilingi ya Kenya. Nodi ya Celo (kompyuta inayotunza nakala ya blokucheni hiyo) ina kumbukumbu zote, lakini ukiiuliza anwani fulani ilipokea nini mwezi uliopita, itabidi uchambue bloku (mafungu ya miamala) moja baada ya nyingine. Graph Node ni programu inayokutolea kazi hiyo: inasoma matukio ya mkataba erevu (programu inayoendesha tokeni kwenye blokucheni), inayapanga kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, nawe unauliza kwa lugha ya maswali ya GraphQL na kujibiwa papo hapo.

Seva niliyokuwa nakodi ilikuwa inanimaliza mfukoni, nikahamia Akash. Akash ni soko la kukodi nguvu za kompyuta. Unaandika faili la mahitaji, liitwalo SDL, ukitaja CPU, RAM na diski unayohitaji, unaweka amana, halafu wenye mashine wanakuletea zabuni. Ukichagua moja, mkataba wa kukodi unaandikwa kwenye blokucheni na kontena zako (vifurushi vya programu) zinawashwa kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, ya mtoa huduma huyo. Mimi sikufuata bei ya chini kabisa. Nilitafuta mtoa huduma aliyekaguliwa, mwenye diski ya kasi ya NVMe, kwa sababu PostgreSQL ndiyo inayobeba mzigo hapa.

Na diski ndiyo iliyokula muda wangu. Usipotaja kwenye SDL kwamba unataka diski ya kudumu, kontena ikijizima na kuwaka tena data yote imekwenda. Ukiitaja, PostgreSQL inaweza kugoma kuanza, kwani diski inakuja na folda ya lost+found ndani yake, na PostgreSQL inataka folda tupu. Dawa yake ni kuelekeza PGDATA, yaani mahali PostgreSQL inapoweka data, kwenye folda ya ndani zaidi: /var/lib/postgresql/data/pgdata. Halafu Graph Node inadai hifadhidata iliyoundwa kwa usimbaji wa herufi wa UTF8 na locale (kanuni za kupanga maandishi) ya C, kwa hiyo mpangilio wa POSTGRES_INITDB_ARGS nikaupa "-E UTF8 --locale=C".

Kwa nje nilifungua poti (mlango wa mtandao) 8000 tu, ya maswali. Poti 8020 ni ya usimamizi na haina nywila. Yeyote akiifikia anaweza kukufutia subgrafu, yaani maelekezo ya data ambayo Graph Node inafuatilia. Kupandisha subgrafu natumia kontena dogo lililo ndani ya mkataba uleule wa kukodi. startBlock, yaani bloku ya kuanzia kusoma, niliiweka kwenye bloku ambayo mkataba erevu wa cKES ulizaliwa. Kuanzia sifuri ni kusoma mamilioni ya bloku zisizokuhusu.

Kuna jambo moja nasisitiza sana: diski hiyo ni ya kudumu maadamu mkataba wa kukodi uko hai. Amana inakatwa kila bloku, ikiisha mkataba unafungwa na diski inaondoka nayo. Mtoa huduma wangu wa kwanza alizima mashine zake usiku bila taarifa. Kilichoniokoa ni pg_dump (nakala ya hifadhidata) ya kila usiku ninayoihifadhi nje ya Akash. Nilifungua mkataba kwa mtoa huduma mwingine, nikarudisha nakala, na Graph Node ikaendelea pale nakala ilipoishia. Kikoa changu nilikielekeza kwenye anwani mpya, watumiaji wakabaki na kiungo kilekile.

Sasa nataka nakala zitoke kila baada ya saa chache. Tangu Celo iwe tabaka la pili la Ethereum, yaani mtandao unaojengwa juu yake, mwezi Machi 2025, bloku inatoka kila sekunde badala ya kila sekunde tano. Nakala iliyochelewa siku moja inakuachia bloku 86,400 za kufukuzia.