Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiswahili anahama Beijing

Nikisema nafundisha Kiswahili China, watu wa nyumbani Tanga wananiona juu ya Ukuta Mkuu nikipiga selfi. Basi leo nawaonyesha siku ya kuhama kutoka Beijing kwenda Shanghai.

Saa 11 alfajiri. Mwisho wa Juni, jua limeshatoka. Namalizia kusahihisha insha za mwaka wa pili. Kichina hakina ngeli, kwa hiyo mtu akiandika "vitabu zangu" simkasirikii. Namzungushia duara jekundu, naendelea.

Saa 2 asubuhi, mtihani wa mazungumzo. Hauna jipya.

Saa 4 tunaagana. Wameleta tikiti maji na kadi yenye sahihi zao. Binti ambaye mwaka mzima hakufungua kinywa bila kusukumwa anasimama: "Mwalimu, masomo yako yametusaidia na tutayakumbuka." Yametusaidia, tutayakumbuka! Wapo Watanzania wazaliwa wanaoteleza hapo. Wengine wananiuliza watakariri shairi gani tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Nikajishughulisha na kukata tikiti ili wasinione uso.

Saa 5 na nusu, kukabidhi chumba. Hapa ndipo siku ilipoharibika. Msimamizi wa bweni, mama mmoja mwenye miwani shingoni, amekuja na karatasi ya orodha. Kitanda, kipo. Birika la umeme, lipo. Rimoti ya kiyoyozi, ipo, lakini anataka aione ikiwasha. Betri zimekwisha. Tukatoa betri za saa ya ukutani, kiyoyozi kikawaka, akaandika. Kisha henga za nguo. Karatasi inasema kumi, kabatini zipo tisa. Akahesabu tena. Akachungulia chini ya kitanda kwa tochi ya simu. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuja kunisaidia mizigo akambembeleza kwa Kichina kitamu kabisa, mama akatabasamu, akahesabu mara ya tatu.

Risiti ya amana ninayo, ila hela haitoki bila muhuri mwekundu, na mwenye muhuri amekwenda kula. Baada ya kula, analala. Ofisi nyingi huku hupumzika adhuhuri mpaka saa 8 mchana, na treni yangu ni saa 9. Tukakaa juu ya masanduku kwenye korido, joto limetulia kichwani. Nikapiga hesabu: mstari namba 4 wa treni ya chini ya ardhi mpaka stesheni ya Beijing Kusini, zaidi ya nusu saa. Kuna ukaguzi wa mizigo chini, kuna mwingine stesheni, na geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Saa 7 na nusu nikamwachia mwanafunzi risiti nikaondoka. Sanduku moja limejaa vitabu. Kila ngazi niliyashusha masanduku moja moja.

Stesheni, wenyeji wanagusisha kitambulisho wanapita. Mimi na pasipoti yangu tukaenda foleni ya dirishani. Nikaingia behewani shati limelowa.

Baada ya hapo saa sikuiangalia sana. Beijing mpaka Shanghai ni kilomita 1,318, takriban saa nne na nusu. Maji ya moto yako mwisho wa behewa, nikamwagia tambi, nikala, nikajaza alama kwenye kompyuta. Mzee wa kiti cha jirani aliposikia natoka Tanzania, alitaja papo hapo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China, akaninyooshea dole gumba. Tulipovuka Mto Huang He ujumbe uliingia: hela imetoka, wamekata yuan 5 za henga. Nilicheka peke yangu, mzee akanitazama.

Nanjing nilipita nimelala. Hongqiao, stesheni ya Shanghai, tulifika giza limeingia, mvua ya manyunyu, foleni ya teksi inazunguka mara nne. Mama alipiga simu kutoka Tanga, huko bado mchana, akauliza likizo inakwendaje.

Kesho saa 2 asubuhi nina darasa jipya la wanaoanza kabisa. Sijachapa hata karatasi moja ya zoezi, na sijui printa ya hapa iko ghorofa gani.