Dola 294 za kukaa chini ya mwavuli

Sisi tunakaa Minneapolis, Marekani, na huku joto likishaingia tu watoto wanaanza wimbo mmoja, Dells, Dells, baba lini tunaenda Dells. Ni Wisconsin Dells hiyo, kamji kadogo jimbo la jirani, wakazi elfu chache tu, ila mabwawa ya michezo ya maji yamepangana mpaka wenyewe wanajiita makao makuu ya dunia. Sasa mwaka huu bi mkubwa wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga nikasema basi na bibi naye aone. Nikaomba ofu ya Jumamosi, na mnaofanya kazi za kutunza wazee mnajua ofu ya Jumamosi haiombwi, inaliliwa.

Tumetoka alfajiri, barabara ya I-94 masaa matatu na nusu, mama Salim kaamka saa tisa usiku kusukuma chapati, deli limejaa kuku wa kukaanga na chupa ya chai ya tangawizi. Tunafika getini, yule kijana anafungua deli, anachungulia, anatikisa kichwa. Chakula cha nje hakiingii. "Chai pia?" bi mkubwa akaniuliza. Chai pia mama. Deli likarudi kwenye gari.

Kwenye tiketi nikawaeleza kwamba huyu mama haogelei, amevaa dera lake na mtandio, anakaa tu kwenye kiti anaangalia wajukuu. Wakasema analipa kama wengine. Mama akauliza wanasemaje, nikamwambia wanataka dola 5 ya kiti, maana ukimtajia hela ya kweli anaigeuza shilingi palepale na safari imeishia hapo. Risiti nikaikunja nikaichomeka mfukoni haraka haraka.

Sitaki kusimulia sana habari ya kaptula yangu ya jinzi, kwamba zipu na vile vifungo vya chuma vinakwaruza yale mabomba ya kuteleza na maji kwa hiyo hupandi, nikaenda kununua nyingine dukani kwao humo humo, ina mananasi, dola 38. Tuendelee.

Kilichoniuma ni Yusra. Ana miaka saba, na tangu mwezi wa tano ana video ya bomba moja refu la kijani anaiangalia kila siku kabla ya kulala. Tumepanga foleni dakika hamsini juani, miguu inaungua, tunafika juu kabisa kuna ubao wa kupimia watoto, lazima ufike inchi 48, yaani kama sentimita 122. Mama yake alikuwa amemsuka akamfunga fundo kubwa utosini, na mimi nilikuwa nalitegemea lile fundo kwa kweli. Yule dada wa pale akatabasamu vizuri tu, akaweka kiganja juu ya fundo, akalikandamiza taratibu mpaka likalala. Mtoto akabaki chini ya mstari, kidole kimoja tu kinakosekana. Hakulia. Aliuliza, "Nikisimama kwa vidole vya miguu?" Salim ambaye ana miaka kumi na moja ilibidi ateremke peke yake, sisi wawili tukarudi kwa ngazi tunapishana na wale tuliokuwa nao kwenye foleni.

Basi nikasema twende bwawa la mawimbi hata wewe utaingia. Tumeingia maji ya magoti, wimbi la kwanza, la pili, ngurumo. Filimbi zikapigwa kila upande, watu wote nje. Sheria yao ni dakika 30 toka ngurumo ya mwisho, sasa ikinguruma dakika ya 25 unaanza kuhesabu upya, na radi ya Julai huku haina haraka. Tumekaa chini ya mwavuli masaa mawili, tumejifunika mataulo, bi mkubwa na tasbihi yake, akaniambia hivi baba unakumbuka nilikuchapa fimbo ngapi kwa kutoroka kwenda kuogelea Raskazone? Nikamwambia nakumbuka mama. "Na kule ilikuwa bure," akasema.

Nikaenda kuulizia hela yetu, hela hairudi.

Saa kumi jioni tuko kwenye gari pakingi, mvua inapiga kioo, deli liko wazi, chai bado ya moto, na Yusra ndiyo kwanza anacheka maana Salim anamhadithia lile bomba ndani giza tupu na maji yanaingia puani, halina maana kabisa (najua anadanganya, Mungu ambariki). Nikatoa vitu mfukoni nitafute funguo, nikaviweka kwenye dashibodi. Bi mkubwa anatafuna chapati yake pole pole, akaokota ile risiti iliyolowa, akainyoosha juu ya goti. Kiingereza hajui ila namba anasoma vizuri sana.

"Baba," akasema, "hii 294 ni namba ya kile kiti?"