Bia ya viporo

Tunahama wiki ijayo, lakini amri ilitolewa tangu Januari: hakuna cha kuvundika kitakachopakiwa kwenye gari. Mke wangu alifungua friza, akatoa pakiti mbili za hopsi, yale maua makavu ya kuipa bia uchungu na harufu, nilizofunga kwa raba bendi, akaziweka mezani. "Baba watoto, hizi nyasi zako ama uzitumie ama nizitupe." Hopsi nilizonunua kwa dola zangu zitupwe? Basi Jumamosi, nje baridi ya Minneapolis imefika nyuzi 19 chini ya sifuri, nikaingia jikoni.

Kwa wanaoshangaa, huku Marekani kupika bia nyumbani ni halali. Jimmy Carter alitia saini sheria yake mwaka 1978, na nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, kama lita 750 hivi. Kuuza ndiyo marufuku.

Nilianza kwa kupima nilichonacho. Kimea cha kawaida cha shayiri kilo 2.3. Kimea cha Munich, kile chenye ladha ya ganda la mkate, gramu 600. Kimea cheusi konzi moja. Ukitaka kujua kama kimea bado kizima, kitafune: kikilia meno yakikivunja, sawa, kikiwa laini kama bisi za jana, kimeshika unyevu. Hopsi unazinusa. Zikinuka jibini, tupa bila huruma. Zangu zilikuwa Cascade, bado na harufu ya ganda la balungi, ila pakiti zilifunguliwa tangu kiangazi na hopsi zikikaa hupoteza uchungu. Nikaamua kuongeza kiasi.

Tatizo likawa nafaka. Mpiko wa kawaida ni lita 19, na shayiri ile ingenipa maji ya rangi tu. Hapa ndipo wengi hukimbilia dukani, na viporo vinageuka gharama: unanunua gunia la kimea ili kuokoa hopsi za kiganja kimoja. Nikapunguza hadi lita 15. Bado haikutosha. Nikapekua kabati, nikakuta unga wa ulezi kilo moja, wa duka la Wahindi, umeandikwa ragi, wa uji ambao mtoto ameukataa katakata. Na juu ya friji, ndizi sita zimeiva hadi zimekuwa nyeusi.

Mimi ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro. Ulezi na ndizi mbivu mezani, nani anahitaji kunifundisha?

Ila ulezi wa mbege, ile pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, huoteshwa kwanza. Huu ulikuwa unga mtupu, hauwezi kujigeuza sukari wenyewe. Kazi hiyo ilibidi ifanywe na kimea cha shayiri. Nikaupika uji mzito dakika 20. Ukashika chini, nikakwangua kwa mwiko hadi bega likauma. Nikauchanganya na kimea kwenye sufuria kubwa, joto likatulia nyuzi 66, nikafunika kwa blanketi kuukuu saa moja na nusu. Nilipofunua, uji uliokuwa unavutika kama gundi umekuwa majimaji. Nikaonja kijiko kimoja. Togwa! Nimepika bia huku miaka minne, na hiyo ndiyo mara ya kwanza jiko langu kunukia nyumbani.

Nikachuja, nikachemsha saa moja na hopsi. Kwetu uchungu wa mbege hutoka kwenye gome la msesewe. Hapa Cascade ilishika nafasi yake, na sitadai kwamba imeiweza. Ndizi nilizichemsha peke yake, nikazikamua kwa kitambaa, nikaongeza ule mchuzi kwenye ndoo siku ya tatu, hamira ikiwa imeshakolea na povu limepanda hadi kwenye mfuniko.

Wakati wa kutia chupani nilipima sukari kwa mizani, gramu 90. Zamani nilikuwa nakadiria kwa macho, hadi usiku mmoja chupa nne zikapasuka kabatini, na mke wangu akalala chini akidhani ni risasi. Tangu hapo sikadirii tena.

Nikapata chupa 37. Haidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo, ilianza 1.050, ikaishia 1.011, maana yake kilevi asilimia tano na ushei. Ina ukungu, ina uchachu kwa mbali, ulezi unakwaruza kidogo kwenye ulimi. Jirani yangu Mmarekani aliisifu sana; mimi naona ndizi za huku zimepooza, na nikirudia nitaweka kumi na mbili. Mbege sio. Lakini nimekunywa chupa tatu mfululizo nikiwa nimesimama katikati ya maboksi.

Nikampigia shangazi kwa video. Yeye anapika mbege tangu sijazaliwa. Nikamwonyesha glasi. Akaitazama, akauliza kwa nini nakunywea kwenye kioo kama dawa, kata iko wapi. Kisha akauliza, "Na machicha, baba, umempa nani?"

Nikamwambia nimetupa kwenye pipa la taka.

Akanyamaza, hata nikadhani mtandao umekata. "Mwanangu," akasema, "mji mzima huo, hakuna hata mtu mmoja anayefuga nguruwe?"