Porini, hesabu hatua zako

Watu wengi wakitaka kujifunza kutembea porini kwa ramani na dira, hamu yao yote huishia kwenye dira. Naielewa. Ni kifaa kinachopendeza mkononi, na kuna raha yake kuona sindano ikichezacheza kisha ikatulia. Ila kwa mtu anayepita kwenye vichaka ambamo hata mita 30 mbele huoni, nina msimamo ambao siuachi: mwelekeo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni umbali, na wengi hawaigusi kabisa.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Kabla hajanikabidhi dira alipima mita 100 kwa kamba kwenye njia tambarare, akaniambia nitembee kawaida huku nikihesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Nikapata 63. Tukaingia kwenye majani marefu kwa kamba ileile, nikapata 74. Kwenye mteremko mkali wa kupanda zikaongezeka tena. "Hiyo ndiyo rula yako, mwanangu," akasema. "Iandike." Nimeiandika kwenye jalada la ndani la daftari langu, na naitumia mpaka leo.

Kazi yake ni hii. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Nikipima kutoka kona ya njia hadi mahali vijito viwili vinapokutana nikapata sentimita 1.4, hizo ni mita 700. Basi natia kokoto saba mfuko wa kushoto, na kila nikimaliza hatua 74 nahamishia moja mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto ukiisha, nasimama. Hata kama sijakiona kijito, najua kipo karibu, natega sikio, naangalia ardhi inainamia wapi na kuilinganisha na kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani. Asiyehesabu hana pa kusimama. Kichaka kinachosha, na mwili uliochoka hutia chumvi: mita 300 za miiba huonekana kama kilomita nzima, kwa hiyo mtu anakata kona mapema na kuingia bonde lisilo lake.

Dira yenyewe haina ugumu. Ukingo wake unaulaza kwenye ramani kutoka ulipo hadi unakokwenda, unazungusha duara la nyuzi mpaka mistari yake iende sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani, kisha unaishika usawa wa kifua na kugeuka mwili mzima mpaka ncha nyekundu ya sindano ikae ndani ya mshale uliochorwa kwenye duara hilo. Panapohitaji utulivu ni tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku. Imeandikwa pembezoni mwa ramani pamoja na mwaka, na mwaka huo usiuruke. Ncha ya sumaku ya kaskazini haitulii. James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 huko kaskazini mwa Kanada, na tangu hapo imesogea mbali sana, ikielekea upande wa Siberia. Kosa la nyuzi 1 linakutoa pembeni mita 17 hivi kwa kila kilomita. Penye tofauti ya nyuzi 10, ukiipuuza, ni kama mita 175. (Simu na panga viweke mbali na dira unaposoma. Chuma na sumaku huvuta sindano.)

Ukishapata mwelekeo, usitembee ukiitazama sindano. Chagua kitu: mti wenye panda, kwa mfano, wenye gome lililobanduka upande mmoja. Uendee huo, simama shinani pake, chagua mwingine. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa taasisi ya Max Planck huko Tübingen walichapisha utafiti wa watu waliotembezwa msituni na jangwani. Jua au mwezi ukionekana, waliweza kushika mstari. Vikifichika, walizunguka, na baadhi walikatiza njia yao wenyewe bila kujua. Miguu peke yake haijui kunyoosha.

Na kichaka kikikataa kabisa? Hapo ndipo hatua zinapolipa. Ongeza nyuzi 90 kwenye mwelekeo wako, tembea ukihesabu mpaka upite ukingo wa kichaka, rudi kwenye mwelekeo wa awali mpaka ukipite chote, kisha punguza nyuzi 90 na urudi kwa idadi ileile ya hatua ulizotoka nazo. Umerudi kwenye mstari wako. Hatua za kipande cha katikati zinaingia kwenye hesabu ya safari. Za pembeni haziingii.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya kukosea kwa makusudi. Ukitafuta daraja kwenye mto, usililenge. Lenga nyuzi 5 kushoto kwake. Kwa kilomita moja utaukuta mto mita 87 hivi pembeni, nawe huna haja ya kujiuliza daraja liko upande gani. Unageuka kulia.

Ukianza, anza na kamba ya mita 100. Pima tambarare, pima kwenye majani, pima mlimani, kisha rudia yote ukiwa na mzigo mgongoni, maana mzigo hufupisha hatua na ile namba ya mwanzo haitakufaa.