Mkono wa Kushoto Ulikwenda Nungwi

Daktari hakusaini. Aliisogeza fomu pembeni ya meza, akaniambia, "Mzee wangu, niachie mpaka Jumatano," nami nikajua hataki kunivunja moyo mbele ya watu.

Ilikuwa Agosti 2024, treni ya umeme ndiyo kwanza imeanza kufika Dodoma. Mpwa wangu anayefanya kazi na wazamiaji Nungwi, kule Unguja, alikuwa amenitumia fomu ya afya, ile ya daktari kusaini ili niruhusiwe kuzamia. Nilijifunza kuzamia kwa mtungi ujanani, Tanga, kabla kazi haijanileta huku kwenye vumbi na zabibu. Presha ilikuja baadaye, figo zikafuata. Siku hizo nilikuwa nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila safari, na watu wa nyumbani walishakubaliana kwamba bahari nitaiona kwenye kalenda tu.

Jumatano daktari aliniita akiwa na kipimo cha moyo na majibu ya wingi wa damu. Mimi nilidhani tatizo ni figo zenyewe. Kumbe hofu yake ilikuwa maji. "Ukizama tu mpaka shingoni, damu ya miguuni inasukumwa kifuani," alisema. "Mwenye figo nzima anakwenda haja ndogo, yamekwisha. Wewe huendi. Ukiingia baharini na maji ya ziada mwilini, yanaweza kujaa kwenye mapafu, na uko chini huko."

Basi tukaanza kufuta siku. Jumapili ikatoka, maana hapo ndipo ninapokuwa nimejaa kuliko siku zote. Siku ya mashine yenyewe nayo ikatoka: matundu ya sindano bado mabichi, dawa ya kuzuia damu kuganda bado inazunguka, na mtu aliyetoka kukaushwa yuko karibu zaidi na ule ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni unaowapata wazamiaji. Ikabaki kesho yake ya mashine. Nisafishwe Unguja Jumatatu, nizamie Jumanne, nisafishwe tena hukohuko Jumatano, ndipo nirudi. Sista ndiye aliyepiga simu kuniombea nafasi. Akanionya pia kuhusu madafu, kwa sababu ya potasiamu, kwa ukali kuliko alivyonionya kuhusu papa.

Jambo moja lilimpita hata daktari, akalikumbusha mpwa wangu kwenye simu: "Mjomba, usije ukazamia asubuhi ukapanda treni jioni." Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa wazamiaji hata mita 300 tayari ni mlimani. Hewa ya huku ni nyepesi. Naitrojeni iliyobaki mwilini ikikosa kukandamizwa inatoka kwa fujo, sawa na kwenye ndege. Daktari akacheka, akaliandika. Sisi tunaoishi huku tunajiona tuko bondeni tu.

Aliposaini aliambatanisha barua: mita 10 mwisho, mzamiaji mwenzangu asiniache, na nikisikia pumzi fupi hata nikiwa bado juu ya maji, safari imeishia hapo. Akasema wazi kwamba asingesaini miezi ile nilipokuwa na mpira kifuani kabla fistula haijakomaa, yaani ule mshipa wa mkono wa kushoto uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine. Mpira ule unaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Maji ya bahari na wadudu wake hayana ruhusa ya kuusogelea.

Fistula ilikuwa na mafunzo yake. Sista alivishika vidole vyangu vya kulia akaviweka juu ya mkono wa kushoto, pale mshipa unapotetema. "Shika kabla ya kuingia, shika ukitoka. Mtetemo ukinyamaza, hungoji kesho, unakwenda hospitali." Mkono huo usibebe mtungi, usivae saa, usibanwe na chochote.

Lakini suti ya kuzamia kazi yake ni kubana. Ya kwangu ya zamani niliipeleka kwa fundi cherehani pale Majengo. Aliivuta, akainusa, akauliza kama ni koti la pikipiki. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akachukua mkasi mkubwa, akaukata mkono wa kushoto juu kabisa karibu na bega, akapinda ukingo na kuacha nafasi ya vidole viwili. Sindano tatu zilivunjika kwenye mpira wa ile suti. Sista aliukagua ule ushonaji kama anakagua kidonda, akaridhika.

Nungwi yenyewe ilikuwa nusu saa ya samaki wa milia na baridi kwenye bega la kushoto. Mpwa wangu alinigusa kila mara kuuliza kwa ishara, nami nikamjibu kwa ishara. Nilitoka, nikashika mkono, ukatetema.

Niliporudi Dodoma, jirani yangu wa kiti kwenye mashine, mzee wa Mpwapwa, alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa!" kisha akasikiliza habari yote bila kuuliza hata samaki mmoja. Alichotaka ni fundi. Asubuhi za kipupwe hupenda kukaa na koti, ila kila akifika lazima avue ili achomwe sindano. Je, yule bwana anaweza kupasua mkono wa koti na kutia zipu? Nikampa namba. Wiki iliyofuata alikuja na zipu ya njano kwenye koti la kijivu, na kabla hatujamaliza saa zetu, mama mmoja wa kiti cha tatu alikuwa ameshauliza bei.