Noti ya euro 10 hailipi baiskeli ya mtoto

Binti yangu ana miaka minane. Siku hiyo alirudi nyumbani akiburuta baiskeli iliyogoma kuzunguka gurudumu la mbele, na mkononi ameshika noti ya euro 10. "Yule babu amenipa," akasema. Alikuwa akiendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu, gari likatoka rivasi kwenye geti la nyumba ya watu, bampa ikalikunja gurudumu, naye akaangukia goti. Dereva alishuka, akamuuliza kama amepona, mtoto akaitikia kwa kichwa, akatiwa noti mkononi, gari likaondoka.

Rimu imepinda, spoki zimechomoka, foki imekwenda upande. Lakini kilichoniuma zaidi ni ile noti. Mtu mzima amemaliza shauri na mtoto wa miaka minane, peke yao, na mzazi hajaulizwa.

Mungu hakututupa. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka taka aliziona namba za gari, akaziandika pembeni ya gazeti, akachana kile kipande na kumpa binti. Hicho kikaratasi ndicho kilichobeba shauri lote.

Wenzangu wa hapa Bremen, Ujerumani, niliowapigia simu walisema tulichozoea kusema: "Kaka, shukuru mtoto mzima, achana nayo. Wewe mgeni, polisi wa nini?" Naujua uoga huo unatoka wapi. Kwetu ajali ndogo huishia pale pale barabarani, na anayeita trafiki ndiye mkorofi. Lakini kama vibali vyako viko sawa, kuwaita polisi ukiwa upande wa aliyegongwa hakukuletei kesi. Nilipiga 110, namba ya polisi. Walikuja, wakaipiga picha baiskeli na goti la mtoto, wakaandika maelezo, wakanipa karatasi yenye namba ya jalada. Kibali changu hawakukigusa.

Ujerumani, kuondoka eneo la ajali kabla ya kutoa jina na anwani yako ni kosa la jinai, kifungu cha 142 cha sheria ya jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo cha hadi miaka mitatu. Mtoto kuitikia "sijambo" hakumpi dereva ruhusa ya kwenda zake. Mtoto aliyeshtuka atasema sijambo hata mkono ukiwa umevunjika, kwa sababu anaogopa kugombezwa. Wangu alikuwa analia kwa ajili ya baiskeli, goti wala halikumbuki. Kwa hiyo kabla ya fundi, daktari. Siku hiyo hiyo, na cheti ukitunze.

Mzee mwenyewe alikuja mlangoni kwangu jioni moja, polisi walipokwisha kumfikia. Alikuwa amefadhaika kweli. Akaomba tusiipeleke kwenye bima, atatoa mfukoni, maana mwenye gari akidaiwa, daraja lake la bima hushuka na mwaka unaofuata analipa zaidi. Nilimkaribisha kiti, nikamrudishia noti yake, nikamwambia: "Mzee, sina ugomvi na wewe. Lakini hili tuliache lipite kwenye bima, ndiyo kazi yake." Na kweli haikumfungia njia: bima ikishalipa deni dogo kama hilo, mara nyingi mwenye gari anaweza kuirudishia fedha hizo ili daraja lake libaki pale pale. Wewe mzazi huna haja ya kuubeba mzigo huo.

Kila gari hapa lazima liwe na ile tunayoiita nyumbani bima ndogo, inayolipa madhara ya watu wengine. Na sheria inakuruhusu kuidai kampuni ya bima moja kwa moja, bila kupitia kwa dereva. Huijui ni kampuni gani? Piga 0800 250 2600, Zentralruf der Autoversicherer, yaani kituo cha simu cha kampuni za bima za magari, simu ya bure ukiwa ndani ya Ujerumani. Unataja namba za gari na tarehe ya ajali, wanakuambia bima yake ni ipi.

Halafu nenda kwa fundi wa baiskeli akuandikie makadirio ya gharama, kila kipuri na bei yake pamoja na ufundi. Wangu aliandika euro 168. Nikaongeza kofia ya baiskeli, kwa sababu kofia iliyojigonga chini haifai tena hata kama ufa hauonekani. Nikaongeza pia gharama ndogo ndogo za simu na posta. Katika ajali za barabarani mahakama nyingi hukubali euro 25 hadi 30 bila risiti. Halazimishwi mtu kutengeneza: unaweza kulipwa kwa makadirio tu, ila hapo wanakata kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19, mpaka uonyeshe risiti kwamba umeilipa. Na baiskeli ikiwa imekufa kabisa, tegemea thamani ya iliyotumika, si bei ya mpya.

Jibu la kwanza la bima lilinikasirisha. Walitaka kulipa nusu, eti mtoto naye alipaswa kutazama geti. Wazazi wengi huishia hapo, wanachukua nusu na kunyamaza. Kukata nusu hiyo si haki ya bima, na barua iliyopigwa chapa vizuri isikutishe.

Niliwaandikia nusu ukurasa. Kifungu cha 828 cha sheria ya madai, tangu Agosti 2002, kinasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 habebeshwi lawama kwa ajali ya gari ambayo hakuikusudia. Mahakama zimeweka mpaka mmoja: kama gari limeegeshwa vizuri na mtoto akaliparuza, kinga hiyo huwa haipo. Lile la mzee lilikuwa linatembea, tena kinyumenyume. Kifungu cha 7 cha sheria ya usalama barabarani kinamtwika mwenye gari madhara ya gari lake hata pasipo kosa lake. Na ile njia ya waenda kwa miguu ilikuwa mahali pake halali: mtoto wa chini ya miaka minane analazimika kuendesha humo, na mpaka atimize 10 anaruhusiwa. Walilipa yote.

Wangegoma, ningekwenda kwa wakili, kwani kosa likiwa wazi namna hii ada yake nayo huingia kwenye deni la bima. Kitu kimoja nilikataa kusaini: karatasi ya kukiri kwamba sina dai lingine lolote tena. Goti la mtoto lilikuwa bado linauma, na fidia ya maumivu ni dai jingine kabisa.

Kuna wenzetu walioacha, na baiskeli bado ipo kwenye chumba cha chini. Tafuteni namba za gari na picha. Muda wa kudai ni miaka mitatu, na huanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka ulipomjua anayedaiwa. Kama uligongewa 2024 na dereva ukamjua mwaka huo huo, dai lako liko hai hadi 31 Desemba 2027.